Majibu ya swali gani?

Mtu akitoka zahanati Igamba, huku wilayani Mbozi, haulizwi matokeo. Matokeo ni ya darasa la saba, na ya Simba na Yanga. Yeye anaulizwa, "Majibu yametoka?" Nalipenda neno hilo kwa kuwa linadai kitu ambacho tunakisahau: jibu lina swali lake.

Tazama vile vibao vya plastiki. Tone la damu, matone ya dawa, subira kidogo, kisha mstari mmoja au miwili. Cha malaria kinauliza kama protini ya kimelea imo damuni, na protini hiyo huweza kubaki wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Cha VVU kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili umekitengeneza baada ya kuvamiwa na kirusi. Kile cha kingamwili za korona kinauliza kama mwili huu umewahi kukutana na kirusi chake. Vyote vinafanana kama watoto wa tumbo moja.

Neno kingamwili ndilo linaloninyima usingizi. Limeundwa vizuri, kinga na mwili, lakini linatoa ahadi mapema mno. Anayeambiwa anazo husikia kwamba amekingika. Na sisi tulipaswa kuling'amua hilo mapema, maana kwa miaka mingi tumewaambia wenye kingamwili za VVU kwamba wana maambukizi, na kwamba yasipotibiwa yataishia kwenye Upungufu wa Kinga Mwilini. Kingamwili zimo, kinga inapungua! Wako wanaistilahi waliochagua fingomwili. Fingo ni dawa inayozikwa mlangoni au shambani kuzuia mabaya. Zahanati sijalisikia, nami nalionea huruma, kwani ni neno lisilojisifu. Ukifukua fingo kizingitini utajua mwenye nyumba aliwahi kuwa na sababu ya kujihami. Hutajua kama mwizi yumo ndani sasa, wala kama kesho atashindwa kuingia.

Tarehe 24 Aprili 2020, serikali kadhaa zilipokuwa zikifikiria kuwapa wenye kingamwili cheti cha kusafiri na kurudi kazini, Shirika la Afya Duniani lilionya kuwa bado hapakuwa na ushahidi kwamba aliyepona hawezi kuambukizwa tena. Mwezi uliofuata Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Kijiti cha puani walichopimwa madereva wa malori siku zile kilikuwa na swali jingine kabisa: kirusi kimo sasa hivi? Cheti cha fingo kisingelijibu.

Kisha kuna chanya, neno tamu katika "mtazamo chanya" na chungu kwenye karatasi ya maabara. Tuseme tumepima watu 1,000 mnadani, na walioambukizwa kweli ni 20. Kipimo kikiwanasa 18 kati yao, na kikikosea kwa watu 3 katika kila 100 ambao hawakuambukizwa, kitaongeza chanya 29 za uongo. Chanya 47, za kweli 18! Ugonjwa ukiwa adimu, kosa dogo humeza ukweli. Ndiyo maana watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, walipopima damu za wachangiaji 3,098 wa Kenya kati ya Aprili na Juni 2020 na kupata chanya 174, hawakutangaza asilimia 5.6 na kwenda zao. Walizingatia umri, jinsia, mahali na udhaifu wa kipimo, wakashuka hadi asilimia 4.3.

Kwa mtu mmoja aliyekaa benchi hesabu hiyo haisaidii sana. Yeye anataka kitenzi. "Umeambukizwa" kina ile -me- yetu inayoshika mambo mawili kwa pamoja, tendo lililopita na hali iliyobaki, kama vile mtu anayesemwa "amelala" anavyokuwa bado kitandani. Kipimo cha kingamwili za korona hakijui kama mtu bado yuko kitandani. Mhudumu angeweza kusema, "Inaelekea uliwahi kuambukizwa." Inaelekea, kwa sababu ya zile 29. Uliwahi, kwa sababu ya fingo.