Jibu la Maji Lisichelewe

Leo tutasoma habari za maji. Kwanza, mmoja wenu atie maji ya kisima au ya mto katika gilasi, ayaweke mezani. Yatazameni. Je, ni safi? Labda jicho litasema ndiyo. Lakini katika jambo hili jicho si shahidi wa kutegemewa. Somo letu litaeleza jinsi watu walivyomtafuta shahidi mwingine.

Twende London, Uingereza, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho. Watu wengi wa hapo walichota maji katika kisima chenye pampu, barabara ya Broad Street. Maji yale yalisifiwa kuwa mazuri. Daktari John Snow alikwenda akiuliza, wafu hawa walikunywa maji ya wapi? Akaona kwamba wengi walikunywa ya pampu ile. Lakini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho karibu hawakufa. Wao walikunywa pombe, tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la choo lilikuwa karibu sana na kisima, na uchafu ulipenya. Watu zaidi ya 600 walikufa.

Fikirini: Snow alipata jibu kwa kuhesabu wafu. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilichelewa.

Mwaka 1885, huko Ujerumani, daktari Theodor Escherich alieleza kidudu alichokiona katika choo cha watoto wachanga. Leo kidudu hicho huitwa kwa jina lake, Escherichia coli. Huishi matumboni mwa watu na wanyama, na aina zake nyingi hazidhuru. Kwa nini basi tukitafute? Kwa sababu kikionekana majini, tunajua kwamba choo kimeingia. Na choo huweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Ni kama nyayo za mwizi. Nyayo haziibi, ila hutuambia kwamba mwizi amepita. Shirika la Afya Duniani linataka kidudu hiki kisionekane hata kimoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Je, hupimwaje? Mpimaji huyachuja maji, kisha huweka chujio juu ya chakula cha vidudu, mahali penye joto. Kidudu kimoja huzaana mpaka pakawa na doa linaloonekana kwa macho. Ndipo mpimaji huhesabu madoa. Kazi hii huchukua muda wa siku nzima, pengine zaidi. Siku hiyo mto hausimami kungoja, wala mwenye kiu hangoji.

Ndiyo sababu wataalamu wametengeneza mitambo ya kupima yenyewe. Huwekwa mtoni au kando yake. Mtambo hutwaa maji kidogo na kuyatia dawa maalumu. Vidudu hivi vikiivunja dawa hiyo, hutoka kitu chenye kung'aa, na mtambo huupima mng'ao huo. Vidudu vikiwa vingi, mng'ao hutokea upesi. Kwa saa chache tu habari hupelekwa kwa wakubwa wa maji.

Mitambo ya namna hii ilitumika katika mto Seine, mjini Paris, Ufaransa. Kuogelea humo kulikatazwa mwaka 1923. Mwaka 2024 mji ulipokea michezo ya Olimpiki. Mvua kubwa ikasukuma maji machafu mtoni, na mashindano ya wanaume ya tarehe 30 Julai yakaahirishwa hadi kesho yake. Julai 2025 watu wote waliruhusiwa kuogelea tena, mahali patatu.

Lakini sikilizeni vizuri. Mtambo hausafishi maji. Mtambo hupiga mbiu tu, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kazi hubaki kwetu: kuchimba choo mbali na kisima, na kuchemsha maji ya kunywa.

Sasa itazameni tena gilasi ile. Asinywe mtu mpaka maji yachemshwe.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe hawakufa?
2. Kisima chenu na choo kilicho karibu nacho vimeachana hatua ngapi? Nendeni mkapime.