Kupakia na Kupakua: Jasho la Wafasiri wa Programu Huria

Sisi wa Mwanza tulikuwa na kitenzi "pakua" zamani kabla ya kompyuta. Shehena ilipakiwa melini MV Victoria ikapakuliwa Bukoba. Meli ikirudi, tukapakua ndizi. Nyumbani, mama hupakua ugali. Leo kijana anasema amepakua programu, wala hajiulizi neno hilo lilifikaje kwenye kioo cha kompyuta.

Lilifika kwa kazi za watu. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux, na kabla mwaka haujaisha ikatoa Jambo OpenOffice, furushi la programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza azma kama hiyo mwaka huohuo. Tofauti ilikuwa katika haki: tafsiri ya programu huria, yeyote anayeona kasoro aweza kuirekebisha na kuigawa upya.

Haki hiyo ina wajibu, na hapo ndipo ninapowalaumu vijana wetu. Watengenezaji wengi wa tovuti hula kwa jasho la WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003 na kufasiriwa na watu wa kujitolea. Kijana akikuta Kiswahili kibovu, hukisahihisha katika tovuti ya mteja wake mmoja, akalipwa, yakaishia hapo. Angeurudisha usahihisho huo kwenye chimbuko la programu, ungewafikia wote. Toleo jipya likitoka bila mfasiri wa kulifuatilia, maneno yake mapya hubaki Kiingereza.

Tena si kazi ya kufasiri tu. Kwa Kiingereza, neno "deleted" hutosha kwa kila kitu kilichofutwa. Kwetu ukurasa umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, mtumiaji amefutwa. Mwandishi wa programu aliyeweka neno moja kwa vyote hakujua ngeli zetu, na mfasiri hodari kiasi gani hawezi kumwokoa. (Nimefundisha upatanisho wa kisarufi miaka mingi, sikudhani ungehitajika humo.) Mtengenezaji wa tovuti anayejua Kiswahili ndiye awezaye kuufungua msimbo, akatenga sentensi nne mahali pa neno moja, kisha akawapelekea wenye programu marekebisho hayo pamoja na maelezo ya sababu yake.