Mawe ya Mazeras na ua unaopitisha maji

Katika nyua nyingi za Nairobi na Mombasa, nchini Kenya, mafundi hutandaza mawe bapa yaitwayo Mazeras, kwa jina la mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Ni mawe ya mchanga, yenye rangi ya kijivu, manjano au kahawia.

Yakitandazwa bila saruji, na mimea itambaayo ikaoteshwa baina yake, maji ya mvua hupenya ardhini. Si jambo dogo. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Ua mmoja hauzuii mto kufurika, lakini ua uliosakafiwa wote kwa saruji humsukumia maji yake jirani aliye bondeni.

Huchimbwa kina cha sentimita 18 hivi: 10 za kokoto iliyoshindiliwa, 4 za mchanga, na zilizosalia ni unene wa jiwe lenyewe. Sakafu iinamie mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita. Jiwe hugongwa kwa nyundo ya mpira hadi lisicheze likikanyagwa. Baina ya mawe huachwa nafasi ya sentimita 3 hadi 5, nayo hujazwa udongo uliochanganywa na mchanga na mboji, ukomee chini kidogo ya uso wa jiwe ili viatu visiponde machipukizi. Mafundi wengi hapo hapo huziba nafasi kwa saruji, na faida yote ikapotea.

Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ziepukwe: mashina yake hutambaa chini kwa chini na hatimaye huyameza mawe. Ukoka nao ni msumbufu. Afadhali dikondra, yenye vijani vya mviringo, penye kivuli chepesi. Au thaimu itambaayo penye jua na baridi ya nyanda za juu. Ipandwe mvua zinapoanza, na isikanyagwe kabla haijashika mizizi.

Mawe haya yana silika. Yakikatwa makavu kwa mashine hutoa vumbi laini linalosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Msumeno umwagiwe maji muda wote wa kukata, na fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.