Panda Farnana: Mkongomani aliyesoma kabla ya wengine, akadai nafasi kwa kalamu

Kila tarehe 30 Juni tunakumbuka Lumumba na Kasavubu. Leo katika historia tunarudi nyuma zaidi, kwa mtu aliyewatangulia: Paul Panda Farnana.

Panda alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, karibu na Banana, kule mto Kongo unapoingia baharini. Mwaka 1900, akiwa bado mtoto, afisa mmoja Mbelgiji, Jules Derscheid, alimpeleka Ubelgiji. Wakati ule nchi yetu ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Aliyemlea kule ni dada wa afisa huyo, Louise. Basi Panda alikua mbali na wazazi wake na lugha yake.

Lakini alisoma. Alipita shule ya sekondari ya Ixelles, mjini Brussels, kisha akaingia shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde, akamaliza mwaka 1907. Akaongeza masomo ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Ndiye Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubelgiji. Shikeni mwaka huo, 1907. Chuo kikuu cha kwanza katika Kongo, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954. Miaka 47 ilipita kati ya diploma ya Panda na siku ile Wakongomani walipofunguliwa mlango huo hapa nyumbani.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimwajiri, akatumwa kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji tunaouita leo Mbandaka. Mwaka 1914 alikuwa tena Ubelgiji wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Alijitolea kuwa askari, akapigana kwenye ulinzi wa mji wa Namur. Wajerumani walimkamata mwezi wa Agosti mwaka uleule, akakaa mfungwa mpaka vita vikaisha.

Huku kwetu mashariki vita hivyo vililipwa kwa mabega. Jeshi la koloni, Force Publique, lilifika Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi zaidi ya 200,000, wakibeba chakula na risasi, na wengi walikufa njiani. Hapa Ituri, dhahabu ya Kilo ilikuwa inachimbwa tangu 1905, na wachimbaji wengi walipelekwa kwa nguvu kupitia machifu wao.

Panda alitoka gerezani na swali moja: waliobeba mzigo wa vita, kwa nini hawaketi pale mambo yao yanapoamuliwa? Tarehe 30 Agosti 1919 yeye na wenzake walianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana na kuinua elimu ya Wakongomani waliokuwa Ubelgiji. Walidai pia kwamba askari weusi waliokufa wapewe heshima kama wengine. Mwezi wa Desemba 1920 alisimama Brussels mbele ya mkutano mkubwa wa mambo ya koloni, akasema wazi kwamba Waafrika washirikishwe katika kuongoza nchi yao. Mwaka 1921 alishiriki katika mkutano wa watu weusi wa dunia, pamoja na W.E.B. Du Bois wa Marekani, mkutano uliopita London, Brussels na Paris.

Panda hakudai uhuru kamili. Alidai shule, heshima na sauti. Hata hivyo magazeti ya wakoloni yaliwashambulia watu wa mkutano ule, yakisema wana fikra za kikomunisti. Mwaka huohuo wa 1921, hapa Kongo, Simon Kimbangu alihukumiwa kifo kwa sababu ya mahubiri yake. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na alifia gerezani mwaka 1951. Ukidai kwa adabu au ukihubiri kwa imani, mkoloni alisikia jambo moja tu: hatari.

Haikuwa Kongo peke yake. Vietnam, iliyokuwa chini ya Ufaransa, ilikuwa na msomi Phan Châu Trinh. Naye alikataa bunduki, akasema watu wafunguliwe shule na wapewe haki. Alifungwa, akaishi Ufaransa miaka mingi, akarudi kwao na kufa Saigon mwaka 1926. Umati mkubwa ulimzika.

Panda naye alirudi. Mwaka 1929 alifika Nzemba, akafungua shule na kiwanda kidogo cha mafuta ya mawese. Hakupata muda mrefu: alifariki Matadi tarehe 12 Mei 1930, akiwa na miaka 42 hivi. Uhuru ulikuja miaka 30 baadaye, na siku ile Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Hiyo ndiyo bei ya kutomsikiliza.

Ndugu zangu, tunajifunza nini? Diploma peke yake haikumfungulia Panda mlango. Alikuwa nayo, na bado walimkataa. Ndiyo maana aliunda chama, akaandika, akasimama mbele ya watu na majina na hoja. Leo mikutano inafanyika juu ya wahame, juu ya kurudi vijijini na juu ya usalama. Tuulize swali la Panda: waliobeba mzigo wameketi pale? Mama aliyekimbia na watoto wake, mwalimu anayefundisha chini ya mti, kijana aliyeweka silaha chini, wanapewa neno?

Na mtoto aliye kambini asihesabiwe kuwa amepotea. Panda naye alikulia mbali na kwao, na alichosomea ugenini alikirudisha kijijini kwake kama shule. Kama mtoto wako ameacha masomo, ongea na walimu walio karibu nawe wiki hii, mkubaliane namna ya kumrudisha.