Tairi Nne, Hesabu Moja

Serikali ya Marekani ilipoanza kugawa bidhaa kwa mgao wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilianza na tairi. Ilikuwa Januari 1942. Sukari, kahawa na nyama vilifuata baadaye. Wajapani walikuwa wanaiteka Malaya na kuelekea visiwa vya Indonesia, kulikotoka mpira mwingi wa dunia. Kabla mwaka haujaisha, mwenye gari Marekani aliruhusiwa kubaki na tairi tano tu, na madereva wakaamriwa wasizidi maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. Hata mgao wa petroli ulioenea nchi nzima Desemba ile ulilenga hasa kuokoa mpira, kwa kuwa gari lililoegeshwa halili tairi.

Pengo la Malaya ilibidi lizibwe na watu wengine. Katika Kongo ya Wabelgiji, siku za kazi za lazima kwa wanavijiji zilipandishwa mwaka huohuo kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mpira wa porini. Ilikuwa imepita miaka 34 tu tangu Leopold II anyang'anywe nchi hiyo kwa sababu ya ukatili wa mpira uleule. Tanganyika nako, serikali ya kikoloni ilishurutisha watu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira.

Wakati huo viwanda vya Willys na Ford vilikuwa vinatoa jeep kwa maelfu. Hii ilikuwa gari ndogo inayovuta kwa magurudumu yote manne, mtindo ambao madereva wetu huuita fowili. Na fowili inadai kitu ambacho ni vigumu kukipata wakati wa uhaba: tairi nne zinazolingana.

Sababu iko chini ya gari. Kwenye kila ekseli kuna difu, inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Lakini kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, jeep haikuwa na difu. Dereva akivuta wenzo wa fowili, ekseli hizo mbili zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa.

Tupige hesabu. Tairi mpya yenye kipenyo cha sentimita 80 husafiri takriban sentimita 251 kwa mzunguko mmoja. Ikiisha kashata hadi kipenyo kikawa sentimita 78, husafiri 245. Funga mpya mbele na kuukuu nyuma: katika kila kilomita, za nyuma zinahitaji kuzunguka mara 10 zaidi ya za mbele. Fowili haiwapi nafasi hiyo. Kwenye tope au mchanga, tairi hutereza kidogo na tofauti inaishia hapo. Kwenye lami kavu hakuna pa kutereza kirahisi. Propela shafti zinajisokota, usukani unakuwa mzito, wenzo unagoma kutoka, na hatimaye kinachovunjika ni kile kilichokuwa dhaifu kuliko vingine, kiwe jino la gia au ekseli.

Wahandisi walilijua tatizo hili. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ilivuta kwa magurudumu manne muda wote, lakini iliwekewa kifaa kilichoiacha ekseli ya mbele izunguke huru ilipohitaji kwenda haraka zaidi. Mwaka 1950 kifaa hicho kiliondolewa na dereva akapewa wenzo wa kuchagua. Range Rover ya 1970 ikaja na difu ya katikati. Hata hiyo haifuti tofauti ya tairi, inaibeba tu. Ukifunga tairi zisizolingana, difu hiyo inasagika hata barabara ikiwa imenyooka, kilomita baada ya kilomita.

Leo wengi wetu hununua tairi za mtumba mojamoja, kadiri mfuko unavyoruhusu. Namba za ubavuni zinaweza kufanana na tairi zisilingane, kwa kuwa kampuni hutofautiana na kashata huisha. Jaza upepo sawa, kisha chukua futikamba ya fundi cherehani, izungushe kwenye kila tairi na uandike. Kama hazilingani na gari lako lina wenzo, tembea na magurudumu mawili kwenye lami, fowili iachie tope. Kama halina wenzo, subiri pesa itimie ununue zote nne. Mwaka 1942 waliolipia pengo la mpira walikuwa wanakijiji ambao hawakuwa na gari. Pengo la kwenye gari lako linalipwa na vyuma usivyoviona, mpaka siku vinapokatika porini, mbali na fundi.