Mawe na Majina Njiani, Butembo hadi Beni

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri siku nzima vijijini kwa motokari, kusudi wapige picha za mawe ya ukumbusho. Kwetu Kivu ya Kaskazini mawe ya namna hiyo ni haba. Mambo ya kukumbukwa, lakini, yako mengi, na mwenye kamera atayakuta njiani akijua kuuliza wazee.

Kusini ya Butembo, kabla ya kufika Lubero, barabara hukata mstari wa ikweta. Watoto hufurahi kuweka mguu huu kaskazini na ule kusini. Mji wa Butembo ulikua tangu miaka ya 1920 karibu na kampuni ya madini, MGL. Mwaka 1929 mapadri Waasumpsionisti waliingia katika nchi hii. Mwaka 1959 Beni ikawa jimbo, Mgr Henri Piérard akiwa askofu, na mwaka 1967 jimbo likaitwa Butembo-Beni. Ukifika penye kanisa la zamani, tazama karibu na mlango kama liko jiwe la msingi, ulipige picha kabla chokaa haijaziba herufi zake.

Toka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 hivi. Beni hii ya leo siyo Beni ya kwanza. Boma la wakati wa Leopold wa Pili lilikuwa chini bondeni, kando ya mto Semliki. Stanley naye alipita bonde hilo mwaka 1889 pamoja na wapagazi wa Zanzibar. Kwa maoni yangu, wapagazi hao ndio waliostahili jiwe, maana vitabu vimemjaza Stanley tu.

Lakini ajabu iliyo kubwa iko Ishango, mahali Semliki inapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha. Umechanjwa alama kwa mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Mwingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila mmoja: utapata 60. Wataalamu wanabishana bado kama ni hesabu, au siku za mwezi, au kitu kingine. Umri wake wakadiriwa miaka 20,000 hivi. Watu wa mto wetu walikuwa wakichanja alama, basi, wakati Brussels haijakuwapo. Na sasa mfupa wenyewe umewekwa Brussels! Atakayekwenda Ishango atapiga picha ya maji na ya udongo uliochimbwa.

Kaskazini ya Beni iko Mbau. Njia hiyo si ya matembezi: tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wameuawa katika nchi ya Beni, na makaburi mengine hayana hata msalaba wa mti. Usitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa kwa wenyeji na kwa askari. Pale Mbau, usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu walichukuliwa kwa nguvu nyumbani mwao. Mwenye kupiga picha ya misioni ile aandike nyuma yake tarehe hiyo, na majina: Jean-Pierre Ndulani, Edmond Kisughu, Anselme Wasukundi.