Soap Box Derby

Soap Box Derby ni mashindano ya watoto na vijana nchini Marekani ambayo washiriki huendesha magari madogo yasiyo na injini waliyoyaunda wenyewe. Gari hushuka mteremko kwa nguvu ya mvutano wa dunia pekee. Fainali hufanyika kila mwaka mjini Akron, jimbo la Ohio. Jina lake linatokana na masanduku ya mbao ya kusafirishia sabuni, ambayo watoto waliyageuza kuwa bodi za magari.

Historia

Mwaka 1933 Myron Scott, mpigapicha wa gazeti la Dayton Daily News, aliwakuta wavulana wakishindana kwa magari ya kujitengenezea kwenye kilima mjini Dayton, Ohio. Aliandaa shindano rasmi mwezi Agosti mwaka huohuo, na watoto 362 walijitokeza. Shindano la kwanza la kitaifa lilifanyika Dayton mwaka 1934 kwa udhamini wa kampuni ya Chevrolet.

Mwaka 1935 mashindano yalihamia Akron, mji wenye vilima. Mwaka uliofuata yalipata njia yake maalumu, Derby Downs, iliyojengwa kupitia mpango wa serikali wa kuwapa kazi watu waliokosa ajira wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Hayakufanyika kuanzia 1942 hadi 1945 kutokana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wasichana waliruhusiwa kushiriki mwaka 1971. Karren Stead wa Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 11, alikuwa msichana wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975.

Gari na mbio

Gari lina bodi nyembamba, magurudumu manne, ekseli mbili, usukani na breki. Dereva huinama ili kupunguza ukinzani wa hewa. Kwa kuwa hakuna injini, ushindi hutegemea unyoofu wa ekseli, msuguano mdogo wa magurudumu na ustadi wa kuendesha bila kuyumba. Uzito wa gari pamoja na dereva una kikomo, hivyo mtoto mwepesi huongezewa vyuma ndani ya gari.

Udanganyifu wa 1973

Kanuni zilimtaka mtoto aunde gari kwa mikono yake, lakini mara nyingi ilikuwa vigumu kujua watu wazima walisaidia kiasi gani. Mwaka 1973 bingwa mwenye umri wa miaka 14 kutoka Boulder, Colorado, alivuliwa taji siku chache baada ya kushinda. Picha za eksirei zilionyesha sumaku ya umeme katika pua ya gari lake. Kizuizi cha chuma cha mahali pa kuanzia kilipoangushwa mbele, sumaku ilivutwa nacho na kulipa gari msukumo wa ziada. Ilibainika kuwa mjomba wake, aliyekuwa mhandisi, alihusika, na taji likapewa mshindi wa pili.

Hali ya sasa

Washiriki wana umri wa miaka 7 hadi 20 na hugawanywa katika madaraja. Magari huunganishwa kutokana na vipande vinavyouzwa na waandaaji, kwa kawaida mtoto akifanya kazi na mzazi au mlezi. Katika mbio nyingi za mitaa madereva hubadilishana magurudumu na njia kati ya raundi, ili tofauti za vifaa zisiamue mshindi.